Mboga Inayoitwa Kilichopo

Maneno haya niliyasema mjini Morogoro, masika, mbele ya vijana wapatao sitini waliokusanyika katika ukumbi wa kata yetu. Wengi wao wamepanga chumba kimoja kimoja: wanafunzi wa vyuo, mafundi, waendesha bodaboda, wasichana wa saluni, wauza maduka. Waliniomba niyaandike, nami nimeyaandika karibu kama yalivyotoka kinywani.

Wanangu, habari za asubuhi. Na wakubwa zangu mlioketi nyuma pale, shikamooni.

Kabla sijasimama hapa, kijana mmoja alinifuata mlangoni, daftari mkononi. Akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Naomba leo utupe mapishi kumi ya mboga tuyaandike, tukifika nyumbani tuyafuate." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aje akae mbele, karibu nami. Huyu hapa, na daftari lake liko wazi. Mwanangu, utanisamehe. Mapishi kumi sikuja nayo.

Nimefundisha Sayansi Kimu miaka thelathini na moja. Nimeandika ubaoni mapishi mengi: kitunguu kimoja, nyanya mbili, hoho moja, mafuta vijiko vitatu. Watoto wakayanakili, wakayakariri, wakafaulu mitihani. Baadaye nikakutana nao wakiwa watu wazima, wana miji yao. Nikiwauliza jana mlipika nini, naambiwa, "Mwalimu, jana nyumbani hapakuwa na kitu, tukanunua chipsi." Basi mimi mwenyewe macho yananipeleka kwenye kona ya jiko. Naona nusu ya kabichi. Naona karoti mbili zimeanza kulegea, ndimu moja, kunde kwenye kopo. Kitu kipo. Hoho ndiyo haipo, na kwa kuwa hoho imeandikwa kwenye daftari, mapishi yamekwama na kabichi inaoza.

Hilo lilinisumbua sana, maana hao niliwafundisha mimi. Niliwapa majina ya vyakula, sikuwapa mkono wa kupika. Kwa hiyo leo nimekuja na neno moja tu, na neno hilo mnalo tayari midomoni. Kuunga.

Tukisema mboga ya chukuchuku, kila mtu hapa anajua ni ile iliyochemshwa kwa maji na chumvi, basi. Haijaungwa. Mboga ikiungwa inanukia mpaka kwa jirani. Neno lenyewe ni lile lile la kuunga kamba iliyokatika, kuunga undugu, kuungana mkono. Unakuta majani yako peke yake na ladha yako peke yake, unatafuta cha kuviunganisha. Anayejua kuunga, mkabidhi kapu lolote utakalo, atakula.

Sasa tazameni kapu langu. Leo alfajiri nilipita soko la Chifu Kingalu, mboga za Mgeta zikiwa ndiyo kwanza zinashushwa, majani bado yana umande wa Uluguru. Nimenunua mafungu mawili ya mchicha kwa shilingi 600, fungu la ngogwe 500, fungu la nyanya 500, vitunguu viwili 400, karoti 500, hoho 300, ndimu mbili 200 na karanga za kusaga 1,000. Jumla 4,000. Ukwaju huu nimeutoa kabatini kwangu, na majani haya ya maboga nimeyachuma uani kwa jirani yangu, ambaye alikuwa anataka kuyakata yampishe njia. Hii ni mboga ya watu wanne, mchana na usiku. Wewe unayeishi peke yako, itakupeleka siku tatu ukiitunza. Nendeni mkalinganishe wenyewe na bei ya chipsi mayai sahani mbili.

Hebu tulisikilize kwanza neno mboga. Ukimkuta mtu anasonga ugali, unamuuliza, "Mboga nini?" Atakujibu: nyama. Au dagaa. Au maharage. Kwetu bara hata nyama ni mboga. Watu wa pwani watasema kitoweo. Mboga ni chochote kinachoteremsha ugali. Lugha imetupa picha ya sahani yetu ilivyo: ugali ndio mlo, mengine yote yameletwa kuusindikiza. Ndiyo maana utaona mtu mwenye afya zake, sahani ina mlima, na pembeni vijiko viwili vya mchicha vimejibanza ukingoni. Amekula mboga? Anasema amekula.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na viazi, mihogo na vyakula vingine vya wanga havihesabiwi humo. Mizani za jikoni wengi hamna. Nihesabieni kwa konzi: kama konzi tano za mboga iliyoiva na matunda, tangu asubuhi mpaka unalala. Vile vijiko viwili vya ukingoni havijafika hata konzi moja. Nisemapo mboga leo, basi, nasema majani, nasema matunda ya bustanini kama ngogwe, bamia, bilinganya na boga, nasema jamii ya kunde. Nawaomba sahani ianze nayo. Upakue mboga kwanza, ijae nusu ya sahani, kisha ugali utafute nafasi iliyobaki.

Niwaambie kwa nini nina uchungu na jambo hili.

Nikiwa mwalimu mgeni katika shule moja ya kijijini, nilipata mimba ya kwanza. Kliniki wakanipima, damu ikaonekana imepungua. Muuguzi aliyenihudumia, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mwanangu, unakula nini?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba nakula mchicha kila siku. Akaniuliza naupikaje. Nikamweleza: naukatakata, kisha nauosha. Nauchemsha kwa maji mengi mpaka ulainike kabisa. Yale maji nayamwaga, naukamua, natia chumvi. Nikimaliza kula nateremshia chai ya rangi. Alinyamaza kidogo, akasema, "Mchicha huo unaupikia mfereji."

Alinipa vidonge vya kuongeza damu, kwa sababu mjamzito anavihitaji hata akila vizuri. Kisha akanifundisha upya mambo ambayo wiki ile ile nilikuwa nimeyaandika ubaoni kwa mkono wangu. Nilirudi nyumbani nikilia njia nzima. Nilikuwa na cheti cha kufundisha watu kula, na mtoto tumboni mwangu hakuwa akifaidi kitu.

Alichonieleza ndicho nitakachowaeleza. Vitamini C na folati, ambayo ni mojawapo ya vitamini B, huyeyuka majini. Ukikata jani kabla ya kuliosha, zinaondoka na maji ya kuoshea, na ukimwaga maji ya kuchemshia, unazimwaga zilizobaki. Vitamini C tena haivumilii moto mrefu. Basi osha jani likiwa zima, likate baada ya kuosha, lipike kwa maji yake lenyewe, na upesi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye majani hayaingii mwilini kwa wepesi kama yale ya nyama. Yanataka kitu chenye vitamini C cha kuyasukuma: ndimu, nyanya, chungwa baada ya chakula. Chai na kahawa zinayazuia, kwa hiyo chai ngoja kwanza, ipe saa moja au zaidi. Na kile kinachogeuka vitamini A mwilini, kilichomo kwenye majani ya kijani, kwenye karoti na kwenye boga, kinahitaji mafuta kidogo ili mwili ukipokee.

Yatazameni sasa mambo hayo kwa jicho la mpishi. Mafuta kidogo. Uchachu kidogo. Moto mfupi. Hiyo si ndiyo mboga ya kuungwa? Bibi aliyemiminia majani ya maboga karanga, bibi wa pwani aliyeyapika matembele kwa tui na kuyakamulia ndimu, hakuna aliyewasomea habari za vitamini, na bado walipika sawasawa.

Ukinibana niseme kuunga ni nini hasa, nitakwambia mboga inatafuta vitu vitatu: kinachonukia, kinachoshika na kinachochachuka. Kinachonukia ni kitunguu, kitunguu saumu, tangawizi, bizari, giligilani, pilipili, hata dagaa wachache waliokaangwa wakakauka. Kinachoshika ni mafuta, tui, karanga, ufuta, mtindi, yai. Kinachochachuka ni nyanya, ndimu, limau, ukwaju, embe bichi, na kwa watu wa pwani mabirimbi.

Ukikosa kimoja, mwite jirani yake.

Hilo ndilo ningependa mwanangu aliandike, kama ni lazima aandike. Huna nyanya? Jirani yake ni ukwaju, ni embe bichi, ni ndimu. Nazi imepanda bei, au huna kibao cha mbuzi wala kifumbu? Jirani yake ni karanga. Karanga zimekwisha? Mtindi. Vitunguu vimekuwa ghali, kama vinavyokuwaga kila baada ya miezi kadhaa? Anza na saumu na tangawizi, au kaanga bizari nyembamba kavu mpaka inukie. Mboga haitakuwa ile uliyoikusudia. Itakuwa nyingine, na huenda ikawa nzuri kuliko ile.

Nilijifunza haya kwa mama yangu, tulipokuwa tunakaa Kilosa. Ilikuwa Oktoba, nikiwa na miaka kumi hivi. Jua linazama, wageni watatu wakashuka kwenye basi bila taarifa, ndugu wa baba. Ndani kulikuwa na unga, chumvi na karanga mbichi kiasi cha kikombe. Soko limefungwa. Mama hakuhangaika hata kidogo. Akaniambia, "Nenda kachume matembele, ncha tu, majani makubwa yaache. Ukirudi pitia mwembeni unitafutie embe bichi." Niliporudi alikuwa ameshazikaanga karanga kidogo, anazitwanga kwenye kinu. Embe akalimenya, akalikuna, akalichemsha ndani ya karanga na maji kikombe, moto mdogo, huku akikoroga, maana karanga hushika chini upesi. Harufu ilipobadilika akatia matembele yaliyokatwa, akayageuza mara nne tano, akaepua. Wale wageni waliomba waongezewe. Mmoja akauliza, "Shemeji, mboga hii inaitwaje?" Mama akamjibu, "Inaitwa kilichopo."

Tangu siku hiyo, nyumbani kwetu mboga ile ilipikwa mara nyingi na haikufanana hata mara moja. Siku nyingine kilichopo kilikuwa mchicha pori na ukwaju. Siku nyingine majani ya kunde na nyanya. Jina lilibaki.

Na msidhani kubuni ni jambo la ufukara, au jambo la siku hizi. Muhogo na kiazi kitamu havikuzaliwa huku. Vilitoka Amerika baada ya mwaka 1500, Wareno walipoanza kupita na vyombo vyao, pamoja na mahindi, nyanya, karanga na pilipili. Wazee wetu waliupokea mmea mgeni, wakala mzizi, halafu wakayatazama majani, wakajiuliza hili nalo halifai? Kisamvu kikazaliwa jikoni. Matembele yakazaliwa jikoni. Huyo bibi aliyesimama mbele ya majani ya muhogo kwa mara ya kwanza hakuwa na daftari.

Lakini alikuwa mwangalifu, nanyi muwe hivyo. Majani ya muhogo yana sumu ya sianidi. Kisamvu hakipikwi haraka haraka kama mchicha. Ni lazima kitwangwe kilainike, kisha kichemshwe muda mrefu sufuria ikiwa wazi, sumu itoke na mvuke. Ndipo kiungwe kwa nazi au karanga. Mimi kisamvu kibichi sikipiki siku ya haraka. Hununua kilichokwisha kutwangwa, nikakichemsha Jumamosi nikiwa na nafasi. Kila jani lina tabia yake na inabidi uijue kabla hujaliweka motoni.

Majani ya maboga, kwa mfano. Wengi mnayaacha kwa sababu yanakwaruza koo. Yanakwaruza kwa sababu hamkuyamenya. Vunja ncha ya kikonyo, vuta, uzi utatoka mpaka kwenye jani, ung'oe wote. Ukimaliza yafikiche kwa viganja kama unafua leso, vile vinyweleo vyake vilale. Baada ya hapo ni laini kuliko mchicha, na mimi nayapenda kuliko mchicha. Mnafu na mgagani ni machungu. Uchungu wake unatulizwa na maziwa au karanga, wala usitake kuuondoa wote, maana mnafu usio na uchungu umekuwa nini tena? Bamia ukiitaka isivute, usiikate vipande vidogo, ikaushe vizuri baada ya kuiosha, ipite kwenye mafuta ya moto, uchachu uingie. Ukiitaka ivute, kama tunavyoipenda mlenda, ikatekate. Na hapo kwenye mlenda nina ombi: magadi yapunguzeni, kama hamwezi kuyaacha. Najua yanalainisha upesi na rangi inabaki kijani, lakini yanaharibu vitamini C na baadhi ya vitamini B, na kisha tunarudi kule kule kwenye kupikia mfereji.

Mchicha ndio rahisi kuliko zote na ndio unaoonewa kuliko zote. Kitunguu kianze kwenye mafuta kidogo, kilainike kisiungue. Nyanya iingie, ipondeke mpaka mafuta yaonekane pembeni. Ongeza moto. Mchicha wote uingie kwa mara moja, usifunike, geuza. Dakika tatu, nne. Ukiona umenywea lakini bado ni kijani kibichi, epua. Chumvi mwishoni, ndimu ukishaepua. Mkiuacha ukawa kijivu, mmeshachelewa.

Ukitaka kuuunga kwa nazi, tui jepesi lianze na mboga, tui zito liingie mwisho, na mkono usiache kukoroga mpaka lichemke, lisikatike.

Tunasema mchele mmoja, mapishi mbalimbali. Mbona mchicha tumeupa pishi moja? Karoti ipare kwenye mchicha, imebadilika. Tia konzi ya choroko zilizochemshwa, imekuwa mlo. Vunja mayai mawili juu, funika kidogo, hicho ni chakula cha jioni cha kijana aliyerudi amechoka, na hakikuchukua robo saa. Nawashauri hasa hilo la mayai ninyi wa chumba kimoja na jiko la gesi la mtungi mdogo. Kaanga kitunguu na hoho, tia mboga yoyote ya majani uliyonayo, mayai yafuate. Chipsi mayai inawapa viazi na mayai. Hii inawapa mayai na bustani.

Jambo lingine kwa wenye chumba kimoja: jamii ya kunde ichemshwe nyingi kwa mara moja. Loweka usiku, mwaga maji ya kulowekea, chemsha Jumapili, kunde au maharage au mbaazi, bila kuunga. Hapo ndipo wengi mnakosea; mnaziunga zote siku ile ile, siku ya tatu mmezichoka mnazimwaga. Ziacheni chukuchuku. Leo zipate tui. Kesho kabichi iliyokatwa nyembamba na karoti. Keshokutwa zipondeni na boga. Mwenye friji aziweke humo. Asiye na friji achemshe za siku moja, na zikibaki za jioni azichemshe tena mpaka zitokote asubuhi kabla ya kuzila, na akisikia harufu imebadilika asizihurumie.

Kuhusu kutunza mboga bila friji nitapita haraka, maana wengi mmeyaona kwa mama zenu. Mchicha wenye mizizi simamisha kwenye bakuli la maji kama maua. Majani mengine yafunge kwa kitambaa chenye unyevu, yaweke sakafuni penye kivuli. Bamia zisioshwe mpaka unapotaka kupika. Kabichi usiikate katikati. Ibandue jani jani, itakaa wiki nzima. Karoti ziondolewe majani yake, yanazinyonya.

Na masika kama haya, majani yakijaa mpaka yanakosa bei, kumbukeni kwamba kiangazi kinakuja. Wagogo wa Dodoma hukausha mlenda, wakautwanga na kuuweka, na miezi ambayo ardhi ni vumbi tupu wanakula mboga. Wasukuma wanayo nsansa yao, majani ya kunde yaliyokaushwa. Nilipokuwa kijana nilikuwa nadhani hivyo ni vyakula vya watu wasio na soko. Sasa naona ni vyakula vya watu waliotazama mbele.

Ndiyo maana inanisikitisha nikisikia kijana anaita mnafu au mgagani chakula cha kizee. Anataka chainizi, kwa kuwa ni laini na haisemi kitu mdomoni. Chainizi iliwe, sina ugomvi nayo. Ila usiache mbachao kwa msala upitao. Pale Arusha kuna kituo cha World Vegetable Center tangu mwaka 1992, watafiti wanashughulika na mbegu za mboga hizi hizi za asili, mchicha, mnafu, ngogwe. Watu wanazitafiti na kuzihifadhi, nasi tunaona aibu kuwapakulia wageni.

Mboga mbichi nazo msizisahau. Kabichi iliyokatwa nyembamba mno, karoti ya kuparwa, ndimu na chumvi, iache dakika kumi ilegee. Tango na parachichi. Kachumbari yenye embe bichi badala ya nyanya. Sharti lake ni maji: zioshwe kwa maji salama yanayotiririka, mkono na kibao cha kukatia viwe safi, na kipindupindu kikitangazwa mtaani, acheni kula mbichi mpaka kipite. Hapo sina mjadala.

Nimalizie na wavulana, maana nimewaona mmekaa kama mnaosikiliza habari za nyumba ya jirani. Wanangu, mnajua kusuka nyaya, mnajua kufungua injini mkaifunga. Mkiwa safarini pikipiki ikagoma na kipuri hakipo, mnatafuta waya, mnatafuta mpira wa tairi kuukuu, mnafika. Mnaunga! Akili hiyo hiyo ndiyo ninayoiomba jikoni. Kijana wa kiume akioa akiwa anajua kuunga mboga, mke wake akijifungua hatakula chakula cha kununua siku arobaini. Watoto wake watamwona baba anamenya majani ya maboga na hawatauliza hii ni kazi ya nani. Na hata asipooa, mwili ni wake. Nimezika wanafunzi wangu, wengine walikuwa hawajafika miaka hamsini, wamesumbuliwa na presha na kisukari. Sisemi mboga peke yake ingewaokoa. Maradhi yana mengi. Nasema nilikuwa nao darasani, mikononi mwangu, na nikawaandikisha vipimo vya vijiko.

Basi. Hili jiko pembeni yangu si pambo, na mkaa umeshakolea. Wasichana wawili waje wanioshee huu mchicha, ukiwa mzima, haujakatwa. Mtu mmoja anitwangie saumu.

Na wewe mwanangu mwenye daftari. Naona hujaandika mistari mingi. Lifunge, uliweke kwenye kiti, ukanawe mikono. Majani ya maboga ni yako leo. Nyuzi utazimenya wewe, nitakuonyesha moja, zinazobaki utamaliza. Kitunguu unacho, karanga unazo. Wakati nazungumza nilizitoa nyanya kwenye kapu nikazificha, na sitakupa. Njoo ulitazame kapu, uniambie utaweka nini.

Alikuja. Alisimama muda, akaugeuza mkono wake ndani ya kapu kama anayetafuta ufunguo, ukumbi mzima umenyamaza. Akazinusa karanga. Akachukua ukwaju.